Babako Hakucheza Kamari

Woolwich, Jumamosi alasiri

Mwanangu Rukhsana,

Salamu nitakupa kesho uso kwa uso, na dua utazisikia mlangoni kabla hujavaa viatu. Barua hii haina nafasi ya hayo. Nimekaa mezani jikoni peke yangu na nina hasira. Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa najua utanisoma polepole, na pengine itakubidi umpigie mtu simu akufasirie neno moja mawili. Vumilia. Kiingereza changu ni cha dukani na cha foleni ya daktari, kinajua kusema asante na samahani. Hasira yangu ilizaliwa Mombasa na haijajifunza lugha nyingine.

Sitakuambia ule nini huko Hong Kong wala ulale saa ngapi. Una miaka ishirini na mitatu, umesoma, umepata kazi benki kwenye meza ya fedha za kigeni, na jumuiya yetu nzima imekuja kutupongeza na masanduku ya halua. Nataka tuzungumze juu ya neno ulilolisema Jumapili iliyopita, tulipokuwa tukila biriani na binamu zako.

Mmoja wao, Imran, alikuuliza kazi yenyewe hasa ni nini. Ukamjibu kwa Kiingereza, na mimi nilielewa vizuri sana. Ulisema utauzia makampuni kinga ya fedha, kisha ukaongeza kwamba wewe utalipwa kwa mchezo ule ule ambao Baba alilipia kuucheza mpaka nyumba ikaenda. Binamu zako wakacheka. Babako naye akacheka. Halafu akainuka, akakusanya sahani, akaenda kuziosha, na alikaa kwenye sinki muda mrefu kuliko sahani zile zilivyohitaji.

Nilitaka kukuzaba kofi. Kilichonizuia ni kukumbuka kwamba hakuna aliyewahi kukueleza. Ulikuwa na miaka kumi na minne nyumba ya Croydon ilipouzwa, na unayoyajua uliyaokota kwa watoto wenzako madrasa: Yusufali kacheza kamari na benki, Yusufali kaliwa. Babako hakukanusha, na mimi nikanyamaza pamoja naye. Sasa kesho unaondoka, na muda huu ninapoandika uko Peckham kumuaga mzee Hasham, huyo mnayemwita chacha, yaani ami, na najua atakutilia bahasha mkononi na kukubusu kwenye paji la uso. Sikubali upande ndege ukiamini kwamba baba yako ni mcheza kamari. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Ukichoka kusoma hapa hapa, angalau hilo umelipata.

Unajua tuliondoka Mombasa tukiwa na pasipoti za Waingereza. Unachokijua ni ile picha ya uwanja wa ndege, mimi ndani ya koti la kuazima. Hujui kwamba karatasi ile ilisema sisi ni raia, na Waingereza wenye nchi wakabadilisha sheria huku tumeishika mkononi. Ati tungoje vocha ya ruhusa ya kuingia. Ati tupange foleni. Raia gani anayepanga foleni kuingia kwao? Na upande wa pili, babu yako aliuza duka lake la Mombasa kwa shilingi, na shilingi zenyewe hatukuruhusiwa kutoka nazo ila kidogo tu. Zilizobaki zililala benki, zikawa kila mwaka zinanunua vichache kuliko mwaka uliopita. Mzee alikufa anaulizia shilingi zake. Hilo lilikuwa somo letu la kwanza la fedha za kigeni, na hakuna chuo kilichotupa cheti.

Baridi ya mwaka ule wa kwanza, aliyetupokea alikuwa Hasham. Nitasema haki yake hata kama kalamu inakataa. Alitupa chumba juu ya duka lake, mimi, babako na bibi yako, na hakutuuliza barua ya mtu yeyote. Babako alipotaka kujua kodi, mzee alimwambia, “Yusuf, wewe kaa. Utalipa ukipata.” Tulipata, tukalipa, hakuna aliyeandika chochote. Kazi ya kwanza ya babako ilipatikana hivyo hivyo, na hata sherehe yako ya akika ilifanyika kwa vitu tulivyochukua kwa mali kauli, kwa mdomo tu, kwa watu waliotujua kutoka pwani.

Sasa nielewe vizuri, maana hapa ndipo penye kiini. Babako alijifunza kwamba karatasi hudanganya na midomo ya watu wetu haidanganyi. Mimi pia nilijifunza hivyo. Nani angetulaumu? Karatasi yenye nembo ya Malkia ilitufungia mlango, na neno la muuza duka lilitufungulia. Tulibeba imani hiyo mpaka kwenye biashara yetu wenyewe, na huko ndiko ilikotumaliza.

Ile kampuni unaikumbuka kama godauni la Woolwich lenye baridi na harufu ya magunia, ulipokuwa ukifanyia homuwaki juu ya mzani. Tuliagiza mchele wa pishori kutoka Karachi, tukawauzia dukawala, wenye maduka wa Kusini mwa London, wengi wao watu wa Kampala, Nairobi na kwetu. Karachi walitaka dola. Dukawala walilipa pauni. Na desturi yetu ilikuwa hii: kabla ya Ramadhani babako alizunguka duka kwa duka, akataja bei ya gunia ya mwaka mzima, na mwenye duka akataja magunia atakayoyachukua. Wakashikana mikono, wakanywa chai, basi. Bei ile haikupandishwa mpaka Ramadhani nyingine, hata mbingu ianguke. Ahadi ni deni, na babako alikuwa mtu wa kulipa madeni.

Wewe haya unayajua kwa majina yake makubwa. Mimi nayajua kwa jina la kukosa usingizi. Tuseme gunia ni dola ishirini. Pauni ikiwa na nguvu, dola hizo utazipata kwa pauni kumi. Ikidhoofika, dola zile zile utazitolea kumi na sita, na wewe umeshamuahidi Hasham gunia kwa kumi na tatu. Mchele haujaharibika, meli haijazama, hujamkosea mtu, na umepoteza pauni tatu kwa kila gunia kwa sababu ya watu wasiojua hata kwamba upo duniani. Babako alikuwa akisikiliza taarifa ya habari ya asubuhi, na bei ya dola ilipotajwa aliacha kutafuna.

Ndipo akaja yule kijana wa benki. Suti ya kijivu, mkoba, tabasamu. Alituambia kuna mkataba wa mbele: mnapatana leo bei ya dola mtakazozichukua baada ya miezi sita, na ikifika siku ile mnazichukua kwa bei hiyo, dunia iwe imepinduka au la. Babako alimuuliza maswali kwa wiki nzima. Wapo wanavyuoni wasioipenda namna hiyo ya kupatana fedha za baadaye, na sitabishana nao hapa. Aliuliza, akapewa majibu ya kila aina, akaamua. Aliniambia, “Shirin, mimi sitaki kupata kitu hapo. Nataka kujua tu gunia litanigharimu ngapi, ili neno langu lisiwe uongo.” Hayo ni maneno ya mcheza kamari? Mcheza kamari anataka asijue. Anayeahidi bei ya mwaka mzima kisha akangoja dola iamke vipi, huyo ndiye anayecheza, na London nzima ilijaa wafanyabiashara wa namna hiyo walioitwa werevu.

Mwaka wa kwanza pauni iliporomoka mpaka watu wakaanza kusema itakuwa sawa na dola. Waagizaji wengine walipandisha bei mara tatu. Wawili walifunga. Sisi tulichukua dola zetu kwa bei tuliyopatana, na gunia la Yusufali likabaki pale pale. Hasham alikuja mpaka nyumbani Croydon, siku ya mvua, akamshika babako mikono yote miwili na machozi yanamtoka. “Umeniokoa, Yusuf. Ningefunga duka.” Nilimpikia kuku. Alikula vizuri.

Hapa naingia mimi na kosa langu. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika hesabu za kampuni, na mwisho wa mwaka mhasibu wetu, Mwingereza mmoja mpole, alizipanga upya kwa namna alivyosema ndiyo kanuni. Mchele akaupigia hesabu kwa bei ya dola ya siku ulipofika, kwa hiyo mchele ukaonekana umetutia hasara kubwa. Chini yake, kwenye mstari wa peke yake, akaandika faida ya fedha za kigeni, kubwa nayo. Ukijumlisha mistari miwili unapata ukweli, kwamba tulipata faida ndogo ya kawaida, kama mwaka wowote. Hasara ya juu na faida ya chini vilikuwa kitu kimoja kilichokatwa vipande viwili. Kinga haina maana ukiisoma mbali na kile inachokikinga.

Nililijua hilo. Na bado, Rukhsana, mamako alisimama jikoni mwa imambara, pale tunapokusanyika kwa majlisi, anachambua mchele wa nyaza, chakula cha sadaka, na wanawake wenzake, akasema kwa maringo, “Mwaka huu sisi benki ndiyo iliyotulisha. Pauni imeanguka, sisi tumepata.” Nilitaja ule mstari wa chini peke yake. Nilitaka mke wa Hasham asikie, kwa sababu alikuwa amenunua bangili mpya. Kwa ajili ya bangili! Wakaenda nayo majumbani: Yusufali anacheza na pauni. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu ulikiponza kichwa cha mtu mwingine.

Ramadhani iliyofuata babako akazunguka tena, na safari hiyo kila mtu alimpokea kama bwana harusi. Hasham alisema, “Niongezee. Mara mbili ya mwaka jana.” Wengine wakafuata. Nilikuwapo dukani kwake, nimeshika mkoba na daftari la risiti. Nikamwambia babako kwa Kikachi, lugha yetu ya nyumbani, sauti ya chini, tumwombe mzee aweke sahihi tu, mstari mmoja. Aliniangalia kana kwamba nimetukana. Nje barabarani akaniambia, “Mtu alitulaza kwake bila karatasi, leo nimwekee kalamu mbele? Una wazimu?” Nilikuwa na jibu. Nikalimeza, kwa sababu ndani ya moyo nilikubaliana naye.

Akajumlisha maneno ya watu wote na kufunga na benki mikataba ya dola inayolingana nayo. Inayolingana, Rukhsana, hata dola moja ya ziada hakununua. Kijana wa suti ya kijivu akaja, akauliza kiasi na tarehe, akapata sahihi, akanywa chai, akaenda zake. Hakuuliza maagizo ya wateja yako wapi. Likumbuke hilo kuliko mengine yote.

Pauni ikaanza kupanda. Ikapanda tena. Akatokea mwagizaji mpya huko Southall, hana mkataba na mtu, hana neno na mtu, ananunua dola kwa bei ya siku ile ile, na bei hiyo sasa ilikuwa karibu na bure. Pishori yake ikawa rahisi kuliko yetu kwa kila gunia. Tukasubiri simu za oda. Godauni lilijaa mpaka mlangoni, na simu haikulia.

Tulikwenda Peckham. Nakumbuka ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa na mikokoteni yao. Dukani kwa Hasham, mbele kabisa, palikuwa pamepangwa magunia ya Southall. Hata hakuyafunika.

Babako alimsalimia, wakaulizana hali za watoto. Kisha akasema, “Chacha, yale magunia yetu?”

“Yusuf, mwanangu, biashara ni biashara. Mteja akipata rahisi pale ng'ambo ya barabara, mimi nitamwambia nini?”

“Mwaka jana mimi mwenzako ningeweza kusema hivyo. Dola ilikuwa ghali na mimi sikupandisha.”

“Mwaka jana wewe ulipata kwa benki,” akasema Hasham. “Hukupoteza chochote. Mkeo mwenyewe amesema. Sasa leo bahati imegeuka, unataka sisi tuilipie kamari yako?”

Nilifungua kinywa. Babako akanishika kiwiko. Akamwambia mzee, “Nimekuelewa,” akanunua bamia na kotmiri, akazilipia, tukatoka. Alizilipia bamia! Mpaka leo nikiona bamia nasikia damu inapanda. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuahidi kitu.

Wote wakafuata, mmoja mmoja, kila mmoja na biashara-ni-biashara yake. Ona sasa walichokifanya. Zile dola zilikuwa kinga ya magunia yao. Walipoyakana magunia, dola zikabaki zenyewe, hazikingi kitu, na dola zisizokinga kitu ni bahati nasibu tu. Wao ndio walioigeuza kinga kuwa kamari, kwa kuvunja neno lao, kisha wakasimama baraza ya msikiti wakasema Yusufali kacheza kamari. Nimelibeba hilo miaka tisa. Wallahi halijawa jepesi hata kidogo.

Benki ilituita. Kijana wetu hakuwepo, amepandishwa cheo. Alikuwepo mkubwa mmoja mwenye nywele nyeupe, akafungua faili.

“Bwana Yusufali, naona mikataba. Maagizo ya wateja wako yako wapi?”

“Yapo. Waliyatamka.”

“Waliyatamka wapi?”

“Madukani mwao.”

Yule mtu akaeleza, polepole kama tunavyoelezwa sisi, kwamba kwa jinsi wanavyohesabu wao, kinga lazima ioneshe tangu siku ya kwanza inakinga nini, kwa maandishi. Bila hivyo ni ubashiri, na ubashiri uliopotea hulipwa na mbashiri. Nilimchukia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kanuni yake ilikuwa sahihi. Lakini kanuni hiyo walikuwa nayo pia siku walipotuuzia, wakaiacha kwenye droo kwa sababu siku hiyo walikuwa wanapokea. Wakaitoa siku ya kudai. Umenielewa, mwanangu? Kwa hili nina haki ya kukasirika mpaka nife.

Mkataba ni mkataba. Dola zikaja kwa tarehe zake, tukazichukua ghali kwa mkono mmoja na kuziuza rahisi kwa mkono mwingine. Mchele wa godauni tukauuza kwa bei ya Southall. Mhasibu mpole akamshauri babako aifunge kampuni, asiwalipe watu wa Karachi deni lao, aanze nyingine kwa jina langu. Wengi wamefanya, akasema, na sheria inaruhusu. Na kweli wengi wamefanya, na wengine wao wanakaa safu ya mbele msikitini. Babako akasema Karachi hawakumkosea. Akauza nyumba ya Croydon. Alilipa benki, alilipa Karachi, alimlipa dereva wa lori likizo yake, na kilichobaki kilitosha amana ya fleti hii ya kupanga. Kisha akaomba kazi ya ukarani wa stoo hospitalini, ambako yuko mpaka leo, anahesabu glavu.

Mcheza kamari gani huyo? Nionyeshe mwingine.

Unaweza kuniuliza kwa nini tulinyamaza. Yeye kwa sababu ya kile chumba juu ya duka. Mimi kwa sababu ya jikoni la imambara, maana ningesimulia yote ningelazimika kusimulia na bangili. Nilimwacha mume wangu abebe jina baya ili nisibebe aibu ndogo. Hiyo ni sura yangu, na nakupa uione kabla hujaondoka, kwa kuwa huko unakokwenda utakutana na vishawishi vya kutaja mstari mmoja mzuri na kuuficha mwenziwe. Watakulipa vizuri kwa hilo. Watakupandisha cheo, kama walivyompandisha kijana wa suti ya kijivu.

Sikukatazi kazi. Nimekuona usiku ngapi na vitabu, na ukweli ni kwamba kitu chenyewe unachokwenda kuuza ni kizuri. Babako angekisifu hata leo. Lakini iko siku atakaa mbele yako mtu mwenye duka au godauni, ametoka mbali, anakuamini kwa sababu una uso kama wa binti yake, na maagizo yake yote yako kwenye midomo ya jamaa zake. Atakuwa tayari kuweka sahihi. Bosi wako atakuwa anakuangalia kupitia kioo. Muulize mtu huyo, “Unakinga nini? Nani ameahidi, na ameandika wapi?” Akisema wameahidi kwa mdomo, mrudishe. Atakasirika, atakuona huna adabu, atasema hujui watu wake. Mwache akasirike. Aende akawawekee jamaa zake kalamu mbele, waone haya wote kwa dakika tano, kuliko yaliyotupata sisi. Kumtaka mtu unayempenda aweke sahihi si tusi. Sisi tulidhani ni tusi, na kwa kuogopa kumtukana Hasham tulimpa nafasi ya kuwa mtu mbaya. Pengine angeweka sahihi yake siku ile, angekuwa mpaka leo mtu mwema. Hilo hunijia mara chache, na silipendi, kwa sababu linanipunguzia hasira.

Nilipokuwa nimefika hapa babako ameingia. Alikwenda sokoni kununua mkanda wa kufungia begi lako lile zito. Ameona nimeandika kurasa nyingi, akauliza nampelekea nani.

“Rukhsana.”

“Umemtaja Hasham?”

“Nimemtaja vizuri.”

Amevuta kiti. “Alitupa chumba, Shirin.”

“Alitupa chumba, na sisi tukamlipa nyumba. Imetosha.”

“Mwache mtoto aende na roho nyepesi.”

“Na yako? Jumapili ulikuwa unaosha nini kwenye sinki lile, sahani gani?”

Amenyoosha mkono, nami nikampa kurasa. Amesoma zote, kwa miwani yake ya kazini, kidole chini ya mstari kama anavyosoma orodha za stoo. Nilidhani atazichana. Alipomaliza amezipanga sawasawa, akanirudishia, akasema, “Ni kweli yote. Ila umesahau kumwambia kwamba niliogopa.”

Nimemuuliza aliogopa lini. Amesema siku zote. Tangu foleni ya pasipoti. Aliogopa tusije tukaambiwa tena tutoke, aliogopa wewe na mimi tusije tukalala tena kwenye chumba cha mtu, na alipousikia ule mkataba wa benki mara ya kwanza alihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba angalau usiku mmoja ataweza kulala. Ndiyo maana aliununua. Miaka ishirini na mitano nimelala ubavuni mwake, na hilo sikuwahi kuambiwa.

Basi naliandika, kwa idhini yake. Kesho uwanjani atajifanya anashughulika na mkanda na mizigo, atakuuliza mara tatu kama pasipoti unayo, na atafanya utani. Mkumbatie, Rukhsana, na usimwachie haraka. Bado anaogopa.

Mamako,
Shirin